Ni Nani Aliongea na Karani

Barua ya chuo ilinikuta shambani Karurumo, nikichuma kahawa na baba. Nilikuwa nimeomba uuguzi. Wao walinipa sayansi ya habari na usimamizi wake. Baba, aliyeacha shule darasa la nne, alitaka nimweleze maana yake, nami sikuijua. Akafikiri kidogo, akasema basi nitakuwa nikisoma habari redioni. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshaambiwa.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya faili. Nilipohitimu niliajiriwa katika hospitali moja mjini Embu, kwenye chumba cha rekodi nyuma ya jengo la kufulia shuka. Rafu zilikuwa zimepinda kwa uzito na rejista za zamani zilinuka ukungu. Kila jioni nilirudi mtaa wa Majimbo, nilikopanga chumba, nikipiga chafya za vumbi. Kanisani waliponiuliza huwa ninasoma habari saa ngapi, nilisema bado niko mafunzoni. Baada ya miezi michache niliandika barua ya kuomba kusomea ualimu, nikaiweka mkobani.

Mkuu wangu alikuwa mama mmoja kutoka Meru, mkimya, aliyekaribia kustaafu. Kazi alijifunza kwa kuifanya. Nilimheshimu, lakini nilidhani hana la kunifundisha mimi niliyesomea kompyuta.

Ndipo wakaja mama mmoja na binti yake kutoka upande wa Kiambere. Binti alikuwa ameitwa chuo, na hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imeliwa na mchwa. Mama alikumbuka tu kwamba alijifungulia hospitali yetu, mwaka ule maji ya bwawa la kwao yalipoanza kupanda. Nikatafuta jina la huyo mama siku mbili nzima, nikipekua rejista za wodi ya wazazi ukurasa kwa ukurasa, na za mwaka uliotangulia na uliofuata pia. Waliporudi siku ya tatu nikamwambia jina lake halimo.

Mama alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akamwambia binti wainuke waende.

Mkuu wangu akaweka kalamu chini, akawavutia viti. Aliwauliza habari za safari, mvua na mavuno ya ndengu. Kisha akamuuliza yule mama, “Siku hiyo ya kujifungua, ni nani alikuleta hapa?”

“Ni baba yangu. Mume wangu alikuwa kazi ya mbali.”

“Na ni nani aliongea na karani?”

“Ni baba. Mimi nilikuwa na uchungu, singeweza kuongea.”

Mkuu akanigeukia, akaniambia nitafute jina la huyo mzee.

Haikupita nusu saa nikalipata. Lilikuwa limeandikwa kwa wino wa buluu: jina la babu, chini yake “binti yake” tu bila jina, kisha mtoto wa kike, uzito wake na saa aliyozaliwa. Binti aliufuata mstari ule kwa kidole, taratibu, akausoma mara mbili.

“Kumbe nilizaliwa asubuhi,” akasema.

Mama yake akacheka, machozi yakimtoka.

Walipoondoka na barua yetu ya kuthibitisha kuzaliwa kwa binti, nilimuuliza mkuu wangu alijuaje. Alinijibu kwamba karani huandika anachoambiwa, kwa hivyo yeye huanza kwa kuuliza ni nani aliyemwambia. Miaka yangu yote ya chuo ilikuwa imenifundisha kupanga habari. Hakuna aliyekuwa amenionyesha kwamba habari huanzia kinywani mwa mtu, tena mtu mwenye haraka na hofu. Ile barua ya ualimu sikuituma.

Mwaka uliofuata baba alikuja kutibiwa macho, nikamwonyesha chumba chetu. Nilimtolea rejista ya mwaka wangu, maana nami nilizaliwa humo hospitalini. Akavua kofia, akaisogeza rejista karibu na dirisha, akausoma mstari wangu. Aliporudi Karurumo yeye mwenyewe aliwaeleza watu kazi yangu, kwa maneno yake, na aliieleza sawasawa.

Mkuu wangu alistaafu akarudi kwao Meru. Nilimtembelea nikiwa nimejiandalia maneno ya kumshukuru. Hakuniacha niyamalize. Alinipa nduma na chai, akataka kujua makarani wapya ni akina nani na kama wanajua kusikiliza. Nikamwambia wanajifunza, na kwamba mimi ndiye ninayewafundisha. Akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea chai.