Goti Langu na Mwamba wa Njia ya Kakanda

Niliondoka Likasi kwa hasira, si kwa kutaka matembezi. Goti la kulia lilikuwa limenilaza tangu mvua za kwanza, na sasa nikasikia kwamba sehemu yangu kwenye machimbo ya mawe, njia ya Kakanda, inataka kupewa mtu mwingine. Sheria yetu wavunja mawe ni moja: aliyekosekana muda mrefu arudi mwenyewe, aangushe jiwe mbele ya wenzake bila mkono wa mtu mwingine. Akishindwa, mwamba si wake tena. Ule mwamba ndio ulionilishia watoto. Waninyang'anye? Thubutu!

Asubuhi nyumbani, binti yangu Odette alinizibia mlango. "Mama, munganga alisema mifupa inasuguana. Weye iko naenda wapi na ile goti?"

"Naenda nayo. Unataka niiache hapa?"

Njiani nilipanda kamio ya Papa Ilunga, dereva wa lori la mchanga. Hatujafika mbali, chini ya miguu yetu kitu kikalia paa! Gari likasimama. Papa Ilunga akaingia chini, akatoka na uso wa msiba. Ilikuwa krosi ya kardani, kile kiungo kidogo cha chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu.

"Ilikosa grisi, Mama. Imekauka, imekatika."

"Goti ya miye imekauka, ya weye tena! Leo viungo vyote vimegoma?"

Alicheka, mimi sikucheka. Nikashika baramina, ule mtalimbo wetu wa kung'olea mawe, nikaufanya mkongojo. Kupanda hakukunisumbua sana. Kushuka ndiko kulikoniliza, maana mtu akishuka uzito wote unaliangukia goti. Nikageuka, nikashuka kinyumenyume, wauza makaa wakinicheka juu ya baiskeli zao. Wacheke.

Machimboni nilimkuta Kaleng, shemeji wa kapita wetu, msimamizi wa machimbo, yuko juu ya mwamba wangu na nyundo yake. Alikuwa amepiga katikati mpaka jiwe limejaa madoa meupe, na halikuwa limetoa hata kipande. Kapita mwenyewe alikunja mikono.

"Mama Béatrice, piga magoti, vunja. Hapa watu wote wanavunja na magoti chini."

"Sheria inasema niangushe jiwe. Haikusema niabudu jiwe!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

Nikapapasa mwamba kwa kiganja. Zamani jiwe hili lilikuwa chini kabisa, limebanwa na udongo. Mzigo wa juu ulipoondoka, likajinyoosha, likapasuka kwa mistari, na maji ya mvua yakafuata mistari hiyo. Kaleng alikuwa anapigana na nyama ngumu ya jiwe. Nikauingiza mtalimbo kwenye ufa, nikauegemea kwa tumbo. Wapi! Goti likanichoma, nikapiga kelele bila aibu. Nikasogea hadi pale nyufa mbili zinapokutana, nikaegemea tena kwa uzito wangu wote. Mwamba ukalia. Kaleng akaruka chini, na bamba zima likateremka likavunjika mbele ya viatu vya kapita.

"Iko ya nani?" nikauliza.

Kapita akakunjua mikono. "Iko ya weye, Mama."

Jioni nilirudi kwa kamio ileile. Papa Ilunga alikuwa ameletewa krosi mpya. Goti langu halina spea, najua, na safari hii haikuliponya. Lakini nimeelewa kwa nini viungo ndivyo vinavyochakaa kwanza: ndivyo vinavyofanya kazi. Mwamba usio na ufa usingenipa hata kokoto, na mguu usiokunjika ni gogo tu. Sitalionea haya goti langu.

Odette alikuwa mlangoni, macho mekundu. Alinivua viatu, akaona mguu ulivyovimba, akaanza kulia upya.

"Mama, utaacha siku gani?"

"Siku mwamba itanikatala," nikamwambia. "Leo iliitika."