Ujumbe wa Mama, Vistari Vyangu

Mama yangu hutuma ujumbe kama anayekemea ng'ombe. "Umefika. Sawa. Kula." Ukipokea huo unaanza kujiuliza umekosa nini.

Na huyu ndiye alitaka kumrudisha dada yake wa pekee, mama mdogo wa Gilgil. Walinuniana siku ya ruracio ya dada yangu, wageni walipoleta mahari nyumbani kwetu Nakuru. Mama alimsahau jikoni akimenya waru, viazi vya wageni, mpaka wageni wakaenda zao. Mama mdogo mzima, na kitenge kipya, hata mezani hakuitwa! Miezi minane kimya. Mama alikuwa anaumia, na mimi nilichoka kumwona akiitazama simu.

Jumamosi moja akanipa hiyo simu, maana macho yanamsumbua. "Andika: Njoo kesho. Kuku yuko. Nilikosea. Usichelewe."

"Mama, hivyo ndivyo polisi huita mtu kituoni."

"Usiongeze neno. Hata moja!"

Haya. Neno sikuongeza. Vistari na nukta nani alivitaja?

"Njoo kesho — kuku yuko... Nilikosea — usichelewe..."

Nikabonyeza, nikatoka kuanika nguo kama si mimi.

Kesho yake mama mdogo alifika kabla hata huyo kuku hajachinjwa. Akamkumbatia mama mlangoni. "Pole, dada. Nimeona vile ulikuwa unalia ukiandika."

"Nani alikuwa analia?"

Mama akamnyang'anya simu, akavaa miwani, akausoma ujumbe mara mbili, midomo ikitembea. Kisha akanigeukia. Aki nilitafuta pa kujificha! "Hizi takataka sijaweka mimi. Ni huyu mtoto!"

Nikajua nimeharibu kabisa. Nilimwona mama mdogo akivuta mkoba wake begani. Gari za Gilgil zilikuwa palepale stejini.

"Najua si wewe," akasema. "Wewe tangu lini ukapumua ukiongea? Nilijua jana tu, nikisoma."

"Sasa mbona umekuja?"

"Si nilikuwa natafuta sababu! Hata ungenitumia nukta moja tupu, ningekuja."

Mama akamrudishia simu. Akavua miwani, na hapo ndipo akalia, mbele yetu sote wawili.