Peugeot ya Walubengo

Walubengo, fundi wa magari pale Gatina, aliapa hatarudi Bungoma kwa basi kama watu wengine. Lazima kijiji kimwone akishuka kwenye Peugeot kuukuu aliyoifufua mwenyewe, mkewe Nasambu kando. Hata mama ya Nasambu alipofariki, alimkatalia mkewe nauli: "Ngoja gari iishe." Mama akazikwa bila bintiye. Walubengo naye akafa gari haijaisha.

Leo Abdulhamid, mnunuzi kutoka Ayany, alifunga betri, akatia petroli. Gari ikawaka papo hapo.

"Mama, hii ilikuwa tayari kitambo. Imekosa rangi tu."

"Rangi?"

"Rangi tu. Panda nikuzungushe kidogo."

"Unizungushe wapi?" alifoka Nasambu. "Nilikuwa na kaburi moja la kuwahi, na walishalifukia."