Koti Jeupe la Mheshimiwa Kijana

Dobi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yalihusu nguo. Ukimpa shati ataligeuza kola, ataangalia kwapa, kisha atasema, "Kesho jioni." Basi. Mkewe alizoea kusimulia kwamba siku ya kwenda kuposa aliyeongea ni mjomba. Bwana harusi mtarajiwa alikaa kimya akitazama mikunjo ya pazia.

Kibanda chake kilikuwa cha mbao. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, mabeseni, na kamba ya kuanikia iliyotoka nje hadi mlangoni kwa kinyozi. Kati ya vibanda hivyo viwili palikuwa na benchi. Benchi lile halikuwa na mwenyewe, ndiyo maana kila mtu alikuwa mwenyewe. Hapo ndipo nchi ilipoongozwa kila siku, tangu asubuhi mpaka jua la mchana liwafukuze viongozi.

Mwaka ule nchi ilikuwa na swali moja tu: Mheshimiwa Kijana agombee urais, au asigombee?

Mheshimiwa Kijana alikuwa mbunge wa hapo. Magazeti yalimpa jina hilo alipoingia bungeni mara ya kwanza, nalo likamganda, ingawa tangu hapo nywele zilikwisha kumuaga na tumbo likaja kushika nafasi. Kila alipoulizwa kama atagombea, alijibu, "Nawasikiliza wananchi." Alikuwa amesikiliza muda mrefu mno, hata watu wakaanza kuyahurumia masikio yake.

Upande wa agombee uliongozwa na Kinyozi. Hoja ikipamba moto, aliitetea kwa mikono miwili, na mashine ya kunyolea ikiwa katika mmojawapo. Wateja wenye busara walisubiri mjadala upoe ndipo wakae kitini. Alikuwa na lake jambo: aliahidiwa kipaza sauti cha kampeni. Upande wa asigombee uliongozwa na mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Katiba, kwa kuwa kila neno, hata la kuku aliyepotea, alilipeleka kwenye katiba. Naye alikuwa na lake. Aliwahi kumwomba mheshimiwa ukumbi wa kusomea, akajibiwa kwamba mheshimiwa anasikiliza.

"Samaki hukunjwa angali mbichi, Mwalimu!" Kinyozi alipiga kelele. "Huyu akingoja tena, atakauka!"

"Huyo wako ameshakauka zamani. Na haraka haraka haina baraka."

"Miaka kumi na mitano bungeni ndiyo haraka?"

"Katiba haisemi haraka ni miaka mingapi."

Dobi alisikiliza haya yote akipiga pasi. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakutaka kuulizwa. Nguo za nyumbani kwa mheshimiwa zilifuliwa kwake, na hiyo ndiyo ilikuwa siasa yake yote. Siku wakubwa wa manispaa walipokuja kuvunja vibanda, dereva wa mheshimiwa aliwanong'oneza, "Huyu ni dobi wetu," na tingatinga likapinda kona. Lakini Dobi hakusahau habari za dobi aliyemtangulia. Yule alipoteza kifungo kimoja cha mheshimiwa. Wiki iliyofuata akapoteza kibanda.

Basi siku moja dereva akaja amebeba suti nyeupe ya kitani, ameishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Mzee Dobi, hii si ya harusi. Hii ni ya siku yenyewe, umenielewa? Ijumaa nakuja kuichukua. Na mdomo wako uwe kama ulivyo siku zote."

Nyeupe, kwa sababu kaulimbiu ya kampeni ilikuwa Mikono Safi. Mdomo wa Dobi ulikuwa kama siku zote, lakini suti haikuwa na mdomo wa kufunga: alipoianika tu, benchi zima liliiona.

"Si niliwaambia?" Kinyozi akaruka. "Hiyo ni nguo ya ikulu!"

"Nguo haimpi mtu urais," Katiba akasema. "Hata mpishi huvaa nyeupe."

Wakabishana siku ile mpaka wapita njia wakasimama. Dobi alikuwa ndani, koti liko mezani limelala kifudifudi, pasi inateleza mgongoni taratibu. Ndipo Kinyozi, alipoishiwa mashahidi, akaingiza kichwa dirishani.

"Na wewe Dobi, ndugu yangu? Wewe unamfulia mpaka soksi. Unasemaje?"

Tangu benchi lile liwekwe pale, hakuna aliyewahi kumuuliza Dobi anasemaje. Akainua kichwa. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akalitafuta neno, akalikosa, akaendelea kulitafuta. Akasahau kwamba mkono wake umesimama, na pasi chini yake.

Harufu ndiyo iliyomgutusha. Akaiinua pasi. Katikati ya mgongo wa koti la ikulu palikuwa na alama ya kahawia, yenye ncha mbele na upana nyuma, pasi nzima imejichora pale kama muhuri.

Dobi akalitupia shuka. Akawaza Ijumaa. Akawaza tingatinga. Kinywa kikajifungua chenyewe.

"Asigombee," akasema. "Wakati bado."

Benchi zima likasogea dirishani. Mtu asiyesema amesema, tena amesema huku mkono wake uko juu ya koti la mheshimiwa mwenyewe. Huyu lazima anajua kitu.

"Kwa nini?" Kinyozi akauliza, sauti imepungua.

Dobi akatazama vumbi la barabarani. "Nguo nyeupe haivaliwi msimu wa vumbi."

Mke wake alilijua jambo jioni ile ile, alipomkuta nyuma ya nyumba akilisugua koti kwa limau.

"Mama watoto, nimejaribu chumvi, nimejaribu buluu ya kufulia. Inafifia lakini haitoki."

"Nenda kamwambie."

"Aliyepoteza kifungo alifukuzwa. Mimi nimeunguza mgongo mzima."

"Kwa hiyo?"

"Nimewaambia watu asubiri kidogo. Mpaka nipate dawa."

Mkewe akaweka mikono kiunoni. "Yaani nchi nzima ingoje koti?"

Kumbe nchi ilikuwa tayari kungoja. Maneno ya Dobi yalitoka benchini yakaingia sokoni, yakatoka sokoni yakaingia kwenye simu za watu, na kabla ya Ijumaa redio ikamleta mchambuzi mmoja mwenye shahada zake, akasema kwa sauti nzito kwamba kuna hisia miongoni mwa wananchi wa kawaida kuwa nguo nyeupe haivaliwi msimu wa vumbi. Katiba alipolisikia, akadai lilikuwa wazo lake tangu awali, ila hakutaka kumtangulia Dobi.

Ijumaa dereva alikuja. Dobi alijiandaa kusema koti halijakauka. Hakupewa nafasi.

"Mheshimiwa amesikia hayo ya vumbi," dereva akasema, akiangalia huku na huku. "Amenituma nikuulize, wewe unakaa na watu. Wananchi wanasemaje hasa?"

"Wanasema asubiri," Dobi akajibu.

Dereva akapumua kama aliyetuliwa mzigo, akaondoka bila kuiulizia suti. Jioni redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Kijana, baada ya kuwasikiliza wananchi kwa kina, ataendelea kuwasikiliza.

Hapo Dobi angepaswa kuogopa zaidi, na kweli aliogopa. Lakini sifa nazo ni kama wanga, zikiingia kwenye shati lililolegea, shati linasimama lenyewe. Watu walimletea nguo zisizo chafu ili tu wasikie neno. Alianza kukohoa kabla ya kusema. Kinyozi, ingawa kipaza sauti chake kilikuwa kinayeyuka, alimnyoa bure na kwa uangalifu, bila kubishana na mtu. Dobi akatoa na misemo mingine: kwamba kola hainyooshwi kabla ya kukamuliwa, kwamba beseni moja halifui rangi zote. Hakujua maana yake kisiasa, lakini waliomsikiliza walijua.

"Umekuwa mzee wa nchi," mkewe akamwambia. "Na koti?"

Koti lilikuwa chini ya godoro.

Hatimaye likatokea la kutokea. Mheshimiwa akachoka kusikiliza kwa mbali, akaamua aje mwenyewe akae benchini na wananchi, na wapiga picha wakiwapo kwa bahati. Asubuhi dereva alikuja mbio. "Nipe suruali, na koti ulilete kibandani! Analivalia hapo hapo, kwa dobi wake, watu waone unyenyekevu."

Magari yakaja, vumbi likatimka. Mheshimiwa akaingia kibandani akiwa na suruali nyeupe na shati, akafunga mlango nyuma yake. Walikuwa wawili tu. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko mabango.

"Mzee wangu! Wewe ndiye sauti ya wananchi. Lete koti."

Dobi hakuweza tena. Alilichukua koti, akaligeuza mgongo, akalitandaza mezani. Limau lilikuwa limefanya kazi yake: alama haikuwa ya kahawia tena, ilikuwa ya njano, na ukingo wake ulionekana vizuri zaidi.

Mheshimiwa akaitazama. Nje Kinyozi alikuwa akiongoza makofi.

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza, Mheshimiwa. Kabla ya kusema wakati bado."

"Kwa hiyo wananchi waliosema nisubiri..."

"Ni mimi. Nilikuwa nalitafutia dawa koti."

Mheshimiwa Kijana akakaa juu ya beseni lililofunikwa. Alitoa kitambaa akajifuta kipara. Dobi akangoja lije neno la tingatinga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama watoto."

"Anaongea?"

"Na mimi tu. Ila kwangu anaongea sana."

Mheshimiwa akafikiri. Kisha akasimama, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote. Akajitazama kwenye kipande cha kioo. Kwa mbele liling'aa hata likaumiza macho.

"Watu wananiona kwa mbele tu," akasema. "Koti hili utalifua wewe, mtu mwingine asiliguse. Kibanda ni chako. Umenielewa?"

Dobi alielewa. Alikuwa amefungwa kwa koti lile kama kifungo kwa uzi.

Mheshimiwa akafungua mlango, akatoka, akaegemeza mgongo kwenye mbao za kibanda. Akiwa hapo hapo alitangaza kwamba vumbi limetulia na anagombea. Kinyozi akalia machozi. Hotuba ilipokwisha, ikabidi aende garini, na gari lilikuwa mbali. Akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua kwa hatua, anapunga mkono, anatabasamu, kisigino kinatafuta njia. Akakanyaga beseni, akayumba, akatabasamu zaidi, hata dereva akamshika kiuno na kumwingiza ndani kama kochi linavyoingizwa kwenye mlango mwembamba.

Watu wakatazamana. Katiba ndiye aliyewafafanulia, machozi yakimlengalenga licha ya ukumbi alionyimwa.

"Mmeona? Zamani raia ndiye aliyeondoka hivyo mbele ya mfalme. Leo mkubwa anatuheshimu sisi!"

Makofi yakapasua anga. Mikutano yote iliyofuata mheshimiwa aliondoka hivyo hivyo, na baada ya muda wagombea udiwani nao wakajifunza kutembea kinyumenyume, mmoja akaingia mtaroni.

Koti lilirudi kila baada ya mkutano. Siku moja mkewe alilishika, mwanga wa mkaa wa pasi ukimmulika, akacheka mpaka akakaa chini.

"Na akishinda? Siku ya kuapishwa, na gwaride, na watu pande zote?"

"Ataapa ameegemea ukuta," Dobi akasema.

Benchini mjadala ulikwisha kuhamia kwingine: uchaguzi haujafika, nao walikuwa wakibishana kama Mheshimiwa Kijana anastahili muhula wa pili. Kinyozi akaingiza kichwa dirishani.

"Dobi, ndugu yangu, wewe unasemaje?"

Dobi kwanza aliinua pasi, akaiweka juu ya kigae chake. Akahakikisha imekaa. Ndipo akamtazama.

"Kesho jioni," akasema.