Matairi ya Lami

Pikipiki yangu ina umri mkubwa kuliko vijana wengi wanaoicheka pale stendi ya Sumbawanga. Niliinunua kwa mhandisi aliyekuja kujenga barabara, akamaliza mkataba, akaona kuisafirisha kwao ni usumbufu. Ina silinda mbili, tangi jekundu lililobonyea upande mmoja, na sauti nene ambayo huwezi kuichanganya na ya bodaboda. Vijana huniita "braza wa makumbusho." Nikiiwasha hunyamaza wenyewe.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, komunyo ya kwanza na kipaimara, na Ufipa haiishiwi sherehe za namna hiyo. Jumamosi hii niko Laela, ijayo Namanyere, baada ya hapo Matai. Zamani njia zote hizo zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, nami nilifunga matairi ya meno, yale yenye vipande vya mpira vilivyosimama, yanayong'ata udongo. Kisha lami ikaja. Matairi ya meno juu ya lami huvuma safari nzima na kutikisa mikono, na kwenye kona unahisi unaendesha juu ya viazi. Nikaanza kutamani matairi ya spoti, mapana kidogo, laini, yenye mifereji michache, ambayo yangeniruhusu kulaza pikipiki kwenye kona kama ilivyokusudiwa na walioitengeneza.

Kilichonizuia ni njia ya kwa mama.

Mama aliishi peke yake kijijini tangu baba afariki. Ukiacha lami, unashika njia ya udongo mweusi inayopita kati ya mashamba ya mahindi na ulezi, unavuka daraja la magogo, unapanda kilima, unafika. Kiangazi njia hiyo ni ngumu kama sakafu. Mvua zikianza inageuka ugali. Dada zangu wameolewa mbali, mmoja Mpanda na mwingine Mbeya, kwa hiyo mtoto wa karibu nilikuwa mimi, na kila masika matairi ya meno ndiyo yaliyonifikisha kwake, nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Mama hakuwahi kuomba kitu waziwazi maishani mwake. Ndivyo walivyolelewa watu wa rika lake nyumbani kwetu. Kuomba ni kumtwisha mwenzako mzigo, kwa hiyo unamtua kwa maneno kabla hujamtwisha, na yeye kwa adabu zake anaunyanyua. Mama akisema, "Usijisumbue na sukari," ujue kopo halina hata chembe. Akisema, "Usijisumbue na lile paa, panavuja kidogo tu," ujue amelala akihamisha kitanda usiku kucha. Marehemu baba alikuwa akisikia tu neno usijisumbue, anainuka kutafuta kofia yake. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Nami nilijiona mjuzi wa lugha hiyo, maana sukari sikuwahi kukosea.

Mwaka huo, mwishoni mwa kiangazi, matairi yangu yalikuwa yamechoka. Meno ya katikati yalikuwa yamelika, na moja la nyuma liling'oka lote nilipogonga jiwe, likaacha pengo. Nilimweleza mama tukiwa tumekaa uwanjani, yeye akipepeta ulezi. Nilimwambia natakiwa kununua mengine, na kwamba nafikiria ya lami, ila sijui masika nitafikaje kwake.

Hakuinua macho kwenye ungo. "Weka ya lami, baba. Kazi yako iko kwenye lami. Huku mvua zikianza, usijisumbue. Mimi nipo."

Nakumbuka jinsi nilivyopumua. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kwenda kucheza. Neno lile lile lililomwinua baba kutafuta kofia, mimi nililisikia kama baraka.

Jirani wa mama, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, alikuwa amesimama karibu akitusikiliza. Akaniambia, "Kaka, hayo ya zamani ukiyatoa usiyatupe. Niletee, nimkatie mke wangu viatu vya katambuga." Nikamwahidi. Katambuga za tairi la gari ni nzito kwa mguu wa mwanamke, akasema, lakini la pikipiki linamfaa.

Fundi wangu ana kibanda nyuma ya soko, na ni mtu wa kukatisha tamaa kwa ufasaha. Alipima rimu zangu, akatingisha kichwa. Pikipiki za zamani zina rimu nyembamba na ndefu, akasema, na matairi mengi ya spoti ya siku hizi yametengenezwa kwa rimu pana na fupi. Ukilazimisha pana mno, tairi linajikunja mabega na kusugua mnyororo. Tukaanza kupiga simu Mbeya. Jozi ya kwanza ilipofika kwa basi, tulisoma ubavuni tarehe ya kutengenezwa, tukakuta yamekaa stoo mpaka mpira umekakamaa. Nilibonyeza ukucha wangu ukagoma kuzama. Tukayarudisha. Jozi ya pili ilikuwa ya kipimo chenyewe, mpira mpya, mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka ukionekana vizuri.

Kabla hajayafunga, fundi aliniuliza tena. "Kaka, yapo ya mchanganyiko. Lami yanakwenda, tope yanakwenda kidogo. Si mazuri sana popote, ila yanakufikisha. Wewe si una mama kijijini?"

"Mama mwenyewe ameniruhusu," nikamjibu. "Sitaki vitu vya vuguvugu."

Siku hizi nikikumbuka sauti yangu pale kibandani, iliyojaa ushindi, natamani kujifunika uso.

Sitasema uongo kwamba sikuyafurahia. Wiki ya kwanza niliendesha taratibu mpaka ule utelezi wa upya ukaisha, kisha nikashuka Kasanga bila kazi yoyote, kwa ajili ya kona tu. Barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani, inakunja na kukunja, na pikipiki ile ya zamani ililala kushoto na kulia bila kushtuka hata mara moja. Upepo wa baridi wa juu uliniacha njiani, joto la ziwa likanipokea. Nilikula mgebuka, samaki wa ziwa lile, bandarini nikitazama makuli wakipakia mizigo ya Kongo, nikajiona kijana. Nikanunua migebuka mikavu ya mama.

Niliipeleka kabla ya mvua, pamoja na matairi ya zamani niliyoyafunga nyuma. Mfugaji aliyapokea akayageuza kwa furaha. Mama alipitisha kiganja juu ya tairi jipya la mbele, akacheka. "Hili limezaliwa na upara," akasema. Kisha, wakati namuaga, akarudia: "Mvua zikianza usijisumbue, baba."

Nikamwambia, "Sawa, mama." Nadhani alisimama pale mlangoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, lakini huenda nimekiongeza hicho baadaye.

Mvua zilianza, na za mwaka ule zilikuwa nyingi. Nilikuwa nikimpigia mama simu kila Jumapili baada ya misa, kwa namba ya mke wa yule mfugaji, maana simu ya mama ilikuwa ikikaa kabatini imezimwa ili isichakae. Mazungumzo yetu yalikuwa yale yale. Shikamoo mama. Marahaba, baba. Habari za mguu? Mguu unauma kidogo, usijisumbue. Kuni je? Zipo, usijisumbue. Unakula? Ninakula, wewe angalia kazi. Nami ninaangalia kazi. Nilipiga picha harusi nyingi masika ile, akina mama wengi wakiwavisha watoto wao mataji ya maua, na sikukosa hata moja kwa ajili ya barabara.

Siku moja ya Machi simu ikalia katikati ya wiki. Alikuwa ni yule mke wa mfugaji. Alisema kwa haraka, kana kwamba anaogopa salio litaisha.

"Kaka, mama anasema usijisumbue."

"Kuna nini?"

"Anasema usijisumbue. Ila mimi naona uje."

Niliondoka asubuhi hiyo hiyo. Kwenye lami nilikwenda kama mshale. Nilipoingia kwenye udongo mweusi, sikufika hata nusu ya njia ya kwenda darajani. Tope lilijaa kwenye ile mifereji michache mpaka tairi likawa duara moja jeusi linaloteleza, na kwa sababu tairi lilikuwa pana kuliko la zamani, tope lilishindiliwa chini ya madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka kabisa. Nilianguka upande wa kushoto. Nikainuka, nikachokonoa tope kwa kijiti, nikaenda hatua chache, nikaanguka tena. Mwisho niliisukuma pikipiki kwa taabu mpaka kwenye nyumba ya karibu, nikawaomba wenyewe wanitunzie, nikavua viatu, nikatembea.

Ni baada ya daraja ndipo nilipoanza kuziona nyayo. Zilikuwa pembeni mwa njia, ambako tope lilikuwa gumu kidogo, na zilikuwa na meno. Nilisimama. Nilikuwa nimeitazama alama ile miaka mingi nikigeuka nyuma kuangalia nilikopita: vipande viwili, kimoja, viwili, kimoja. Nikainama, na kwenye wayo mmoja nikaliona pengo la lile jino lililong'oka. Nilizifuata. Zilikuwa zikienda kwa mama na kurudi, za jana juu ya za juzi, zingine zimeanza kujazwa na mvua. Kamera ilikuwa mgongoni mwangu na sikuitoa.

Uwanjani kwa mama hapakuwa na mahali pa kukanyaga pasipo na alama za matairi yangu. Zilitoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi kwenye kuni, kwenye kuni hadi kisimani, zikazunguka nyumba hadi chooni zikienda sambamba na nyayo nyembamba za mtu anayeshikiliwa mkono. Mtu angeweza kusoma masika yote pale chini. Niliisoma, nikaona aibu kupita katikati yake kwa miguu mitupu.

Mama alikuwa amelala karibu na moto, amekonda. Yule mke wa mfugaji alikuwa akimkorogea uji. Katambuga zake alikuwa amezivua mlangoni kwa heshima, nikalazimika kuziruka ili kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na tope hili?" Alitazama miguu yangu. "Pikipiki iko wapi?"

"Imekwama, mama."

Nikaliona lile tabasamu lake la pembeni. "Matairi yako huja hapa kila asubuhi. Nikawa nasubiri na pikipiki yenyewe."

Mke wa mfugaji aliinamisha uso kwenye sufuria. Mimi nilicheka, kisha sikuweza kuendelea kucheka. Nilikaa chini kando ya kitanda, nikamshika mkono.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema, kwa mshangao wa kweli kabisa. "Kila Jumapili nilikuambia."

Sikurudi kazini tena mpaka tulipomzika. Tuliita gari la kumpeleka hospitali, nalo likakwama palepale nilipokwama mimi. Vijana wa kijiji wakambeba kwa machela mpaka kwenye lami, lakini homa ilikuwa imeshamla. Madaktari walijitahidi. Dada zangu waliwahi kufika. Alifariki ulezi ukiwa bado haujavunwa, na katika siku zile chache alizobaki nazo, kila alipotaka maji aliniambia nisijisumbue kuyaleta, nami niliinuka kabla hajamaliza neno.

Yule mke wa mfugaji alipokuja mazikoni alikuwa amevaa viatu vya plastiki vya kanisani. Nilimtafuta baadaye nimshukuru. Nilimuuliza alijuaje kwamba inabidi niitwe, wakati mama alikataa. Akasema hakujua. Aliona tu kwamba mama anauliza mara nyingi ni siku gani leo, na kama Jumapili imefika.

Mvua zilipokatika nilikwenda kuichukua pikipiki. Wenyewe walikuwa wameifunika turubai, kuku wakitaga juu ya kiti. Niliiosha. Matairi yalikuwa bado mapya, rangi nyeusi nzuri, mifereji yake imekamilika. Nikaiendesha mpaka kwa fundi nyuma ya soko, nikamwambia ayatoe, anitafutie yale ya mchanganyiko, au ya meno kabisa, yoyote yanayopanda tope.

Alichuchumaa, akapitisha mkono kwenye tairi la nyuma. "Haya hayajaisha, kaka. Hata robo hayajafika." Kisha akaniangalia. "Kwani siku hizi unakwenda wapi kwenye tope?"

Nikazipitia njia zangu kichwani. Nilianza na Laela, nikapita Namanyere, nikashuka Matai hadi Kasanga, na kote kulikuwa na lami.

Nikamwambia anijazie upepo tu.