Mkasi wa Mume Wetu

Siku niliyotua Brussels nilikuwa na hina mikononi mpaka vifundoni. Niliipaka makusudi. Nilikuwa nimetoka eda siku tisa tu, na sikutaka mjukuu wangu aione mikono yangu mitupu akajua kwamba mimi ni mjane kabla sijamwambia kwa mdomo wangu.

Maana alikuwa hajui. Babu yake, mume wangu, tulimzika Ujiji mwezi wa tano, na mpaka mimi napanda ndege mwezi wa kumi, yule mtoto alikuwa bado anapiga simu kila Jumapili akimuulizia.

Tulimlea sisi. Mama yake, binti yangu, aliolewa tena Tabora, mtoto akabaki kwetu tangu anatambaa. Amekulia barazani, chini ya cherehani ya babu yake, akiokota vifungo na kuvitia mdomoni. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, basi mimi na yeye tukawa wake wenza. Anatoka shule, hajavua hata viatu, ananiuliza: "Mke mwenzangu, mume wetu umempikia nini leo?" Namjibu: "Nimempikia samaki, mgebuka wa ziwani. Wewe kazi yako kula na kupendwa." Babu yake anacheka mpaka sindano inakwenda upogo.

Alipopata ufadhili wa kwenda Ubelgiji kusomea maji ya kunywa na vijidudu vyake, mji mzima ulijua, kwa sababu niliutangazia mimi. Shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa nauza mawese sokoni, na mtu akiniuliza bei namtajia bei na mjukuu pamoja. Babu yake hakutangaza. Alimshonea koti. Alisikia kule kuna baridi, akachukua blanketi zima akalifanya bitana, nje akaweka kaki. Koti zito kama godoro. Mtoto alilivaa uwanja wa ndege wa Kigoma jua likiwaka, jasho linamtiririka, hakulivua.

Mwaka wake wa kwanza ulipokaribia kwisha, mume wangu alianguka Jumamosi asubuhi akiwa anavaa viatu. Adhuhuri haijaadhiniwa, ameshakata roho. Alasiri tulimzika.

Mitihani ya mtoto ilikuwa imebaki wiki mbili. Mwanangu mkubwa, mjomba wake, alisimama mlangoni kwangu akauliza, "Mama, tumpigie?" Nikasema hapana. Siku hizi watu wananifariji, wanasema ukoo mzima ulikubaliana. Haukukubaliana. Nilisema mimi, na mjane siku ile habishiwi.

Kwetu mtu aliye mbali hapewi tanzia kwa simu. Utamwambia, halafu nani atamshika akianguka? Nani atamkoroga uji? Inasubiriwa apatikane mtu wa kukaa naye, aambiwe taratibu. Hiyo ni huruma, na ndivyo nilivyowaambia watu. Lakini kulikuwa na jingine. Niliogopa atarudi, atakosa mtihani, ufadhili utakatika, nami sokoni nitaweka wapi uso wangu. Hilo sikulisema mbele ya mtu. Naliandika hapa.

Wanaume walikuwa hawajamaliza kurudi kutoka makaburini wakati picha ilipoingia kwenye simu ya mwanangu. Alikuja nayo chumbani kwangu, uso umemvimba. Mtoto alikuwa amekwenda baharini na wanafunzi wenzake. Amesimama kwenye ukuta wa mawe, viatu mkononi, askrimu inamdondokea, anacheka meno yote nje. Chini ameandika: Mwonyesheni mume wetu.

"Nifanye nini, mama?"

"Jibu," nikamwambia. "Andika kaona. Kafurahi. Andika anasema usiende kwenye maji ya kina."

Mwanangu aliniangalia. Halafu akaandika.

Nikamwambia kila mtu Ujiji anayejua kuandika kwenye simu, na binti yangu kule Tabora, kwamba atakayemwambia mjukuu wangu nitamfuata nyumbani kwake, eda au si eda. Wakaniogopa. Mitihani ikaisha, akafaulu. Sasa tumwambie? Nikasema nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, ni haki yake. Na mimi nimo edani, miezi minne na siku kumi, sitoki. Basi kila Jumapili simu ikilia nikawa natunga. Babu kaenda msikitini. Babu kalala. Ramadhani ilipoingia nikapata afueni, maana fundi mwezi wa Ramadhani hana nafasi hata ya kujikuna. "Ana kanzu za watu za Idd," nikasema. "Mke mwenzangu," akaniambia, "unamficha ili usigawane naye." Nikacheka. Nilicheka kweli, na sauti ikatoka vizuri.

Ndivyo nilivyofika kwake, Alhamisi, na hina yangu.

Alikuwa anakaa mtaa wa Ixelles, chumba cha juu kabisa chini ya paa, ngazi nyingi nyembamba. Dari limeinama upande mmoja, ukiamka ghafla unagonga kichwa. Koti la babu yake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, mikono imechakaa. Alikuwa amekonda. Nilidhani maisha ya mwanafunzi wa Ulaya ni kukaa kwenye kiti na kitabu. Kumbe kabla jua halijatoka anakwenda upande wa Schuman kusafisha maofisi ya wakubwa wa Ulaya, anafuta meza ambazo mwenyewe angeweza kuzifanyia kazi, kisha anapanda basi kwenda darasani na mikono inanuka sabuni. Nilipoona vile nikasema moyoni, leo simwambii. Amechoka.

"Mume wetu umemwacha na nani?" aliniuliza usiku huo huo wa kwanza, akinivua soksi.

"Yupo na watu wake," nikasema. Na wazazi wake wamelala pale pale, kaburi kwa kaburi, basi nikajidai sikusema uongo.

Ijumaa alipokwenda shule alinikabidhi kwa jirani wa chini, mama mmoja wa Bujumbura, Muislamu mwenzetu, kazi yake kutunza vikongwe vya Kizungu. Nilimwambia yule mama habari yote, kwa sababu nilitaka mtu wa kuwepo siku ya kusema. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Bon, maman," akasema, "sasa miye najua, weye unajua, Ujiji yote inajua. Mwenyewe tu ndiye hajui. Unangojea nini?"

"Kesho anataka kunipeleka baharini. Acha afurahi kwanza. Akirudi nitamwambia."

"Kesho, kesho. Munapika habari mpaka inaungua." Akarudi kwenye viazi, halafu akasema bila kunitazama: "Baba yangu alikufa wakati wa vita. Walinificha habari ile miaka mitatu. Mama yangu ni muzima mpaka leo, na akiniambia mvua inanyesha, natoka inje kuangalia."

Nilimwona ana mdomo. Nilipanda zile ngazi nimekasirika.

Jumamosi tukapanda treni stesheni ya Midi mpaka Ostende, mji wa pwani. Njia nzima mtoto ananionyesha: kule ndiko tulikokwenda kuona mitambo ya maji, mji ule nilipotea nikalia kituoni, mzungu mmoja akanipa chokoleti. Wenzake wanasafiri kustarehe, yeye anasafiri akihesabu mambo ya kwenda kumsimulia babu. Nilijua, maana kila habari aliimalizia hivi: "Hii nitamsimulia mume wetu mwenyewe, wewe usinitangulie."

Baharini upepo ulikuwa wa kukata masikio. Akanishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa mawe. Niliujua kabla hatujaufikia.

"Simama hapa hapa. Ndipo nilipopiga ile picha aliyoipenda." Akacheka. "Ati nisiende kwenye maji ya kina. Maji yenyewe barafu, nani angeyaingia? Lakini bibi, yale maneno nimeyaweka. Siku ya mtihani mgumu niliyafungua nikayasoma kabla sijaingia."

Akanipiga picha. Ninayo. Mwanamke wa hina, kitenge kinapepea, anatabasamu. Sipendi kuitazama.

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Tulikuwa wawili, hakuna mtu, hata akipiga kelele bahari ingemmeza sauti. Nikasema: "Twende, nina baridi."

Jumapili akanipeleka soko la Midi, lile linalotandazwa kando ya stesheni. Mimi ni mtu wa soko, nikasahau dhambi zangu kwa muda. Nanaa mafungumafungu, zeituni kwenye mapipa, Wamoroko wanaita wateja kwa sauti zilizopasuka kama wapiga debe wetu. Mtoto alinivuta mpaka kwenye meza ya visu na mikasi. Akaokota mkasi wa fundi, mkubwa, mweusi, mpini mpana. Akaufungua na kuufunga karibu na sikio, kama babu yake alivyomfundisha. Mkasi mzuri hausemi.

"Mkono wake bado unatetemeka?" akaniuliza. "Nauliza kwa sababu huu mpini wake unashika vidole vyote vinne. Hautamtoka."

Yule muuzaji alikuwa ananitazama na yeye, anangoja.

"Unatetemeka," nikasema. "Chukua."

Mkono uliokuwa udongoni tangu mwezi wa tano. Nimesema uongo mwingi mwaka ule, na mwingine Mungu akipenda atauita huruma. Kwa uongo huo sina la kumwambia.

Tulipofika chumbani aliufunga mkasi kwa karatasi na kamba, taratibu, kona kwa kona. Kisha akachukua simu. "Sasa nampigia mjomba, anipe mume wetu. Leo kalala, kaamka, kasali, sijali. Nataka nimwambie mwenyewe habari ya mkasi wake." Na tayari kidole kilikuwa kwenye jina.

"Weka simu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mume wetu hayupo."

"Kaenda wapi tena? Idd ilishapita."

"Tumemzika, mama."

Sikumwandaa taratibu, sikumwita jirani, uji haukuwepo. Yale yote niliyosema nasubiria, hata moja sikulifanya.

Nilidhani ataanguka. Alikaa kitandani tu. "Lini?" akauliza. Nikamwambia. Mwezi wa tano, Jumamosi, wiki mbili kabla ya mtihani. Akaichukua simu, akaanza kupandisha picha na kidole, anarudi nyuma, wiki baada ya wiki, mpaka akafika. Akanigeuzia. Ukuta, viatu, askrimu.

"Siku hii?"

"Siku hiyo."

"Mlikuwa mmeshamzika?"

"Wanaume walikuwa wanarudi."

Akashuka na kidole mpaka kwenye jibu. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno. "Nani alisema haya?"

"Mimi."

Chini mtaani basi likapita, vioo vikatetemeka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniomba chumvi: "Bibi, hata mke mwenza mnayechukiana naye, mume akifa huambiwa. Hata aliyeachwa huambiwa. Mimi mliniacha nacheka."

Nikaanza kueleza mtihani, ufadhili. Aliinuka akavaa koti la babu yake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akajilaza akaelekea ukutani. Nilimgusa bega. Hakuutoa mkono wangu, lakini bega halikulegea.

Yule mama wa Bujumbura ndiye aliyekuja kumshika. Siku ya pili akaleta wanawake wanane kwenye kile chumba cha dari lililoinama, wakasoma hitma, wakala maandazi wamekaa sakafuni, magoti yanagusana. Kila aliyeingia alimpa mtoto mkono wa pole, kisha akanipa mimi. Watu walimpa pole ya miezi mitano, katika mji ambao hakuna hata mmoja aliyemjua marehemu. Alisimulia habari za babu yake, za vifungo na koti. Nilikuwa pale pale, na hakunigeukia hata mara moja kusema, si ndivyo, mke mwenzangu?

Alifaulu na mwaka wa pili. Cheti alikituma, kimetundikwa barazani pale ilipokuwa cherehani. Wageni wanakisoma, nami nawaeleza, siachi. Najivuna mpaka leo. Lakini hakurudi kuishi. Alipata kazi huko huko, ya maji, na akija huja kwa wiki mbili, anakwenda makaburini peke yake.

Jumapili bado anapiga. Siku hizi ni simu ya kuonana. Nikisema hatujambo, sote wazima, hajibu. Anasema: "Niwaone." Basi nachukua simu napita nayo nyumba nzima. Mjomba wake. Mke wa mjomba, jikoni, uso una moshi. Mdogo wake anayesoma, mtoto wa mjomba. Aliyelala naambiwa nimwamshe, na namwamsha. Kuna Jumapili mwanangu alikuwa Kasulu kwa shughuli zake, nikasema yuko salama, nimeongea naye asubuhi. Mtoto alikata, akampigia mwenyewe, akamwona, ndipo akanirudia. Hakuomba radhi, na mimi sikuona cha kuombwa.

Wa mwisho najigeuzia mimi mwenyewe. Jumapili iliyopita nyuma yake ukutani niliuona ule mkasi, unaning'inia kwenye msumari, karatasi bado na kamba yake.

"Na mimi huyu hapa," nikasema.

"Nimekuona, bibi," akasema. "Sogea kwenye mwanga."

Nikasogea.