Ubao wa Kula

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Murusagamba nikaambiwa fundi redio ametutoka na wameshamzika. Aliyepiga ni binti wa jirani yangu wa enzi zile nilipokuwa mwalimu huko. Alipoona nachelewa kumkumbuka marehemu, akanisaidia: "Mwalimu, yule wa ubao wa kula." Nikacheka. Mungu anisamehe, nimepokea msiba kwa kicheko, na nina hakika mwenyewe asingenilaumu.

Vijana mnaonisoma niwaeleze. Tulikuwa kijiji cha ujamaa, vita vya Kagera vimepamba moto, na duka la ushirika halina betri hata ya dawa. Redio ya kijiji ilinyamaza wakati ule ule kila mtu alipotaka habari, hasa mama jirani yangu, ambaye kifungua mimba wake alikuwa vitani. Fundi akaamua kuunda nyingine kwa vipuri vya redio mbovu, ambayo ingeridhika na betri kuukuu zilizoanikwa juani. Ila hakutaka kuamua peke yake iweje. Redio ya wote, alisema, iamuliwe na wote. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kesho kuna kura. Sasa, yeye Mhangaza, na ulimini mwake r na l zilikuwa zikiazimana nafasi. Kesho yake kijiji kizima kikafika na bakuli.

Ikabidi ndizi na maharage vitelekwe haraka haraka, watu wakala huku wakitoa maoni, na sijapata kuona mkutano uliojaa vile. Mfugaji mmoja wa Kisukuma akataka vipuri viachane nafasi, ili waya ukilegea mtu auone bila kumngoja fundi. Mama jirani, ambaye hakujua kusoma, akataka swichi kubwa ya mti aitambue kwa kidole. Mimi nikadai sauti ifike darasani. Fundi akayapokea yote. Akapigilia misumari kwenye kipande cha ubao, akaunga nyaya juu yake, kisha akauchora mpangilio wote kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, watu wa vijiji jirani wakitaka wanakili. Nilimshauri aufute. Tuko mpakani, nikamwambia, na hii ni vita. Akaniuliza nani huficha chungu baada ya kualika wageni.

Wiki haikupita akaja ofisa mmoja mgeni. Akauangalia ukuta kwa muda mrefu, akataka kujua ni nani anayepelekea adui habari kwa mtambo huu. Fundi akajaribu kujieleza, Kiswahili kikamkimbia. Mimi niliyekuwa nacho cha kutosha nikatazama viatu vyangu, na mpaka leo naona haya. Aliyesogea ni mama jirani. Akaweka kidole ukutani, penye mchoro wa swichi.

"Hii ni yangu," akasema. "Ukimchukua yeye, unichukue na mimi."

Mfugaji naye akaonyesha pake, mwingine pake, hata ofisa asijue amfunge nani. Akauliza kitu chenyewe kinaitwaje. Wakamjibu kwamba ni ubao wa kula. Maskini, alizidi kuchanganyikiwa! Mama akaiwasha redio, akamletea bakuli, na ofisa akasikiliza taarifa ya habari pamoja nasi. Kwa ubao ule ule mama alikuja kusikia kwamba vita vimekwisha, na mwanawe alirudi mzima.

Leo mfukoni nina simu iliyozibwa kwa gundi. Ikizima tunaizunguka nyumba nzima, na hakuna awezaye kuweka kidole mahali akasema hapa ni pangu. Ndipo namkumbuka fundi. Nilidhani mchoro ule wazi ungemponza, kumbe kazi uliyowashirikisha watu, watu wenyewe huja kuikingia kifua.

Kabla ya kukata simu nilimuuliza binti mazishi yalikuwaje. Akasema hakuna aliyewaagiza, lakini kila mtu alikuja na bakuli lake.